Nukta mbili kwenye kioo: nilivyofunga projekta za ukumbi wa harusi kwa waya wa siriali

Siku ya kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumuona bibi harusi aliyepambwa, hakuna mwanamume anayekanyaga ukumbini. Sisi wa Mombasa tunalijua hilo tangu utotoni: ukishafika umri fulani mama hakuchukui tena, unabaki nje na wenzako. Kwa hiyo mtu anapokupa kazi ya projekta mbili zilizoning'inia darini, zaidi ya mita tano kutoka chini, na usiku wenye shughuli kubwa kuliko zote ndio usiku ambao wewe huruhusiwi kuingia, tatizo limeshaanza kabla hujafungua sanduku la vifaa.

Ukumbi wenyewe uko Tudor, upande unaoelekea mkono wa bahari. Mwenyewe ni mama mjane, kaujenga kidogo kidogo kwa miaka mingi, na anaulinda kama mtoto. Nilimkuta barazani.

"Baba," akaniambia, "rimoti hii inanivunjia heshima. Bibi harusi yuko mlangoni, msichana yuko juu ya kiti ananyoosha mkono kama aombaye mvua, buibui limemnasa, na projekta haisikii. Nataka binti yangu akae kile chumba cha nyuma, abonyeze kitufe, kitu kiwake. Basi."

Mimi kazi yangu ni sauti. Maiki, mixer, spika, hayo nimeyafanya miaka kumi na minne. Ya picha nilikuwa nayajua kwa kuchomeka na kuchomoa tu. Lakini nilikuwa nimesikia kwamba projekta inaweza kuamrishwa kwa waya, nikaona ni jambo la wiki mbili. Nikamtajia shilingi 35,000, akanipa 20,000 za kuanzia. Kazi ilichukua karibu miezi mitatu, ikaniharibia usingizi, na usiku mmoja ikaniharibia jina. Naandika kwa sababu nilipokuwa nahangaika sikupata mtu wa kunieleza kwa Kiswahili, na najua kuna vijana wengi wa pwani wanaofunga vifaa kwenye kumbi, misikiti na hoteli ambao watapita njia hii hii.

Projekta zake ni za Epson, za zamani kidogo, hazina tundu la mtandao. Zina matundu ya picha, HDMI na VGA, na pembeni zina lile tundu la pini tisa ambalo wengi wetu hulipita kama halipo. Hilo ndilo la siriali, yaani la kupitisha data biti moja baada ya nyingine, kwa utaratibu uitwao RS-232. Utaratibu wake ulitolewa mara ya kwanza mwaka 1960, enzi za mashine za kupiga maandishi kwa simu, na hadi leo watengenezaji wa projekta, runinga kubwa na kamera za kuzunguka wanaendelea kuuweka kwenye vifaa vyao, kwa sababu ni rahisi na hauhitaji neno la siri wala anwani. Kati ya pini tisa, kwa kazi yetu tatu zinatosha. Upande wa kompyuta, pini ya 2 inasikia, ya 3 inasema, ya 5 ni ardhi ya pamoja. Unatuma maneno, kifaa kinatii, kisha kinakujibu. Hilo la kujibu nililisoma siku ya kwanza nikalipita mbio. Nitalirudia, maana ndilo lililoniumiza.

Nilianza na waya. Nilinunua kebo ya mita 30 yenye vichwa tayari, duka moja la mjini, shilingi 4,200. Nikaipitisha kwenye mfereji wa waya uliokuwepo ukutani, pamoja na nyaya za taa, nikapanda ngazi, nikachomeka, nikashuka. Nikaandika PWR ON, amri ya kuiwasha. Kimya.

Siku nne nilikaa na ule ukimya. Nilibadilisha kasi, yaani biti ngapi kwa sekunde: 9600, 19200, 38400, hadi 115200. Nilibadilisha kompyuta. Nilizima na kuwasha. Kitabu cha projekta kilishasema wazi kwamba kasi ni 9600, biti nane, bila pariti (biti ya kukagua makosa), biti moja ya kusimama, na mimi niliendelea kugeuza kitu ambacho jibu lake nilikuwa nimelishika mkononi. Ukianza kazi hii, mambo hayo manne yaandike kwenye karatasi, yabandike mbele yako, na usiyaguse tena. Kosa litakuwa kwingine.

Aliyenitoa hapo ni mzee mmoja wa Mwembe Tayari, fundi wa redio. Projekta hajui, na alisema hivyo hivyo nilipomwamkia na kumweleza. Aliniuliza swali moja tu: "Kijana wangu, hapo nani anasema na nani anasikiliza?" Sikuwa na jibu. Akachukua mita yake ya kupimia volti, akaweka ncha nyeusi kwenye pini ya 5 ya kompyuta na nyekundu kwenye ya 3. Mita ikaonyesha volti tano na kitu, lakini hasi. Akahamia pini ya 2: karibu sifuri. "Huyu wa tatu ndiye msemaji," akasema. "Hata akinyamaza, hukaa chini ya sifuri. Nenda ukapime na kule juu, uje uniambie msemaji wa kule ni nani."

Nilipanda ngazi jioni ile ile. Kule juu pia pini iliyokuwa hasi ilikuwa ya 3. Yaani kebo yangu, iliyounganisha 2 na 2, 3 na 3, ilikuwa imeweka mdomo kwa mdomo na sikio kwa sikio. Kila mmoja akisema, hakuna anayesikia. Ilitakiwa kebo ya kukingamana, ambamo pini ya 3 ya huku inakwenda kwenye ya 2 ya kule, na ya 2 kwenye ya 3. Kumbe mchoro upo kwenye kitabu cha projekta, ukurasa wa nyuma kabisa. Mzee alikata kichwa kimoja, akavua nyuzi, akazilehemu upya kwa kukingamanisha, akanitoza shilingi 500. Ile njia yake ya mita ndiyo chombo kikubwa nilichotoka nacho katika kazi nzima. Siriali ikiwa kimya hukaa hasi, kati ya volti 3 na 15 chini ya sifuri, kwa hiyo dakika mbili za kupima zinakwambia kila kitu kuhusu waya, bila kubahatisha.

Akanifundisha na kipimo kingine. Chomoa kebo upande wa projekta, ziunganishe pini ya 2 na ya 3 kwa kipande cha waya, kisha rudi kwenye kompyuta uandike herufi. Zikirudi kwenye kioo kama ulivyoziandika, basi kompyuta yako, adapta yako na kebo yako ni vizima. Zisiporudi, usiilaumu projekta.

Nilipofanya hivyo herufi hazikurudi. Adapta. Laptop za siku hizi hazina tundu la siriali, unanunua adapta ya USB, na yangu niliinunua shilingi 850 bila kuuliza swali. Leo iliunganika, kesho kompyuta ikaikataa na kunionyesha kosa namba 10. Chipu ndani yake ilikuwa ya kughushi, na draiva, yaani programu ya kuiendesha, ya mwenye chipu halisi ilikuwa imeitambua. Siandiki haya kumlaumu muuza duka, yumkini naye aliuziwa hivyo. Ila kwa kazi ambayo harusi ya mtu inaitegemea, nunua adapta yenye chipu halisi, hata kama ni mara tatu ya bei.

Adapta nzuri ilipokuja, nilirudi ukumbini usiku, saa nne na kitu, viti vimepangwa juu kwa juu, taa moja inawaka. Nilikuwa peke yangu. Nikafungua PuTTY, programu ya kuandikiana na kifaa kwa siriali, nikaweka 9600, nikaangalia kile kioo cheusi. Sikuandika amri yoyote, nilibonyeza Enter tu. Na pale pembeni kushoto ikatokea nukta mbili, moja juu ya nyingine, kama hivi:

:

Nikabonyeza tena. Ikaja nyingine. Kwa mtu mwingine ni alama ya uandishi. Mimi nilijihisi kama mtu aliyekuwa akigonga mlango wa nyumba siku nyingi, mara akasikia "karibu" kutoka ndani. Nikaandika PWR? na Enter, ikanijibu PWR=00, maana yake imelala. Nikaandika PWR ON. Juu darini pakalia mlio mdogo, feni ikaanza kuvuma, na baada ya muda ukuta wote wa mbele ukawa buluu. Nilimpigia simu mama usiku ule ule, na nilikosea, kwa sababu nilimwambia kazi imekwisha.

Kuandika kwa mkono ni kitu kimoja, programu iandike yenyewe ni kingine. Niliandika programu fupi kwa lugha ya Python ya kutuma amri zile zile, na projekta ikarudi kwenye ukimya. Saa sita nilizipoteza hapo. Ukibonyeza Enter kwenye PuTTY, herufi inayokwenda ni ile ya kurudi mwanzo wa mstari, namba 0D kwa hesabu ya kumi na sita. Programu yangu ilikuwa inamalizia amri kwa herufi ya mstari mpya, 0A. Macho hayaoni tofauti, kwa sababu zote mbili hazionekani, lakini projekta inangoja 0D na bila hiyo inahesabu kwamba hujamaliza sentensi. Kwenye Python ni tofauti ya "\n" na "\r". Herufi moja.

Hapo nikataka kompyuta ndogo ya kukaa ukumbini daima, nikanunua Raspberry Pi, shilingi 11,000. Nikaona ina pini zake za siriali ubavuni, nikafurahi kwamba sihitaji adapta, nikachukua waya wa projekta nikaunganisha moja kwa moja. Haikufika dakika. Hakukuwa na moshi wala mlio, taa ya kijani tu iliacha kupepesa na haikuwaka tena. Pini za Raspberry Pi ni za volti 3.3, hata 5 hazivumilii. Waya wa RS-232 unapanda na kushuka pande zote mbili za sifuri, hadi volti 15. Jina ni lile lile, siriali, lakini volti ni mbali kabisa. Katikati lazima pakae kibao cha kugeuza volti, chenye chipu ya MAX3232, na ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na nilichochoma. Mimi kwa woga niliachana na zile pini kabisa. Nilinunua Pi ya pili, na adapta nzuri za USB zikawa mbili, moja kwa kila projekta, shilingi 2,600 kila moja. Nilikaa siku tatu kabla ya kumwambia mke wangu habari ya ile ya kwanza. Ada ya shule ya mtoto ilikuwa inangoja.

Nikatengeneza ukurasa mdogo wa kufunguka kwenye tabuleti, vitufe vinne vikubwa: Washa, Zima, Kompyuta, Kamera. Hicho cha kamera ni kwa sababu kuna dada mpiga picha anayemfuata bibi harusi tangu mlangoni, na picha inakwenda moja kwa moja kwenye kuta mbili ili waliokaa nyuma wamuone. Hairekodiwi, haitoki nje ya ukumbi, na mimi chumba kile sikanyagi. Binti wa mama nilimfundisha kwa nusu saa. Tulijaribu mara kumi mchana. Ilikuwa sawasawa mara zote kumi.

Usiku wa kupamba wa kwanza ulikuwa Ijumaa. Nilikaa nje chini ya mwarobaini na madereva, nimevaa kanzu, simu mkononi. Karibu na saa tatu binti akapiga. Alikuwa analia. Ilivyokwenda, nilikuja kuipata baadaye kwa kumuuliza taratibu: kabla wageni hawajajaa aliona picha haikukaa sawa, akabonyeza Zima, halafu baada ya muda mfupi akabonyeza Washa. Ya kulia ikawaka. Ya kushoto haikuwaka. Akabonyeza Washa tena na tena. Akaona bora aanze upya, akabonyeza Zima. Sasa zote mbili zikazimika, na bibi harusi anashuka kwenye gari.

Mimi niko hatua thelathini kutoka kwenye ile tabuleti na siwezi kuingia. Nasikia mipasho na vigelegele, kisha nasikia vikipungua upande mmoja. Waliokaa nyuma hawakumuona akiingia. Projekta ziliwaka baada ya dakika saba hivi, amekwisha kukaa kwenye kiti chake.

Kesho yake asubuhi nilikwenda. Mama hakunifokea. Aliniwekea chai, akaniambia, "Mwanangu, harusi hairudiwi." Akanieleza kwamba mama wa bibi harusi alikuwa na dada yake mgonjwa, amekuja kutoka Lamu, amewekwa nyuma karibu na mlango ili apate hewa. Na kwamba zile 15,000 zilizobaki hatazitoa mpaka aridhike. Sikuwa na la kusema. Nilimwomba anipelekee radhi kwa wenyewe, akakubali.

Nilirudi kwenye kile chumba cha nyuma nikafungua programu yangu, na hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Ilikuwa inatuma amri na kuendelea. Ilikuwa haisomi chochote kinachorudi. Projekta ya taa ikizimwa haizimiki papo hapo: feni inaendelea kupoza taa, na wakati huo haikubali kuwashwa. Ya kushoto ilipoambiwa PWR ON ilikuwa bado inapoa. Nilipoijaribu tena kwa mkono nikaona ilivyojibu, ERR, yaani kosa:

ERR
:

Ilisema. Usiku ule ilisema kila alipobonyeza, kwa lugha iliyoandikwa kwenye kitabu, na maneno yake yalifika hadi kwenye Pi yangu yakamwagika, kwa sababu sikuweka mtu wa kuyapokea. Mzee wa Mwembe Tayari aliniuliza nani anasikiliza, nikadhani anazungumzia pini.

Niliandika programu upya kwa wiki mbili. Kila amri sasa inafuatwa na kusoma mpaka ile nukta mbili ionekane, na haitumwi nyingine kabla yake, kwa sababu projekta hizi hutoa nukta mbili kazi ikiisha. Kuwasha taa huchukua muda, kwa hiyo nimeipa subira ndefu badala ya sekunde moja niliyokuwa nimeiweka mwanzoni. Kila baada ya sekunde tano inauliza PWR?, na majibu ni machache: 00 imelala, 01 inawaka, 02 inapasha moto, 03 inapoa. Kitufe kinabadilika rangi kulingana na jibu la projekta, si kulingana na kidole cha aliyebonyeza. Hilo nalisisitiza. Mwanzoni kitufe changu kiligeuka kijani mara tu ukikigusa, na ndiyo maana binti hakuelewa kinachotokea: tabuleti ilimwambia projekta inawaka huku yeye anaiona haiwaki. Sasa ikiwa 03 kitufe kinakuwa manjano, kinaandika "Inapoa, subiri", na programu inakumbuka kwamba alitaka kuwasha, inawasha yenyewe ikipoa. Zima lazima kishikwe sekunde tatu. Na amri ya kuchagua picha, mathalani SOURCE 30 kwa HDMI, haiendi mpaka jibu liwe 01, kwa sababu ukiituma taa inapopanda utarudishiwa ERR vile vile.

Katika kusoma majibu ndipo nikagundua ugonjwa mwingine niliokuwa siujui. Taa za rangi za jukwaani zikiwaka, majibu yalirudi yamevunjika: badala ya PWR=01 napata P, herufi ya ajabu, kisha =0. Kumbe hata amri zangu zilikuwa zinavunjika njiani mara nyingine, na zamani nisingejua. Kebo ya mita 30 ilikuwa imepita mfereji mmoja na nyaya za taa zenye vipunguza mwanga, na RS-232 kwa kawaida huhesabiwa mita 15 tu. Ukienda polepole unaweza kuvuka, lakini si ukiwa umelala na waya wa umeme. Kama ni lazima kwenda mbali kwa waya wa aina hii, kuna RS-485 inayofika hadi mita 1,200. Mimi nilifanya jambo rahisi zaidi: nilifunga Pi kwenye kisanduku juu ya boriti, katikati ya projekta mbili, siriali ikawa mita mbili mbili tu kwa waya wenye ngao, na kutoka pale hadi chumba cha nyuma nikashusha waya wa mtandao kwenye njia yake peke yake. Herufi za ajabu hazikurudi tena.

Mawili mengine, haraka. Stima ilikatika siku moja ikarudi, na projekta zikabadilishana: kushoto ikawa kulia. Pi ikiwaka huzipa adapta majina ttyUSB0 na ttyUSB1 kwa kadiri ilivyozikuta, na zamu inaweza kugeuka. Tumia majina ya kudumu yaliyo ndani ya /dev/serial/by-id. Adapta za chipu ya CH340 kwa kawaida hazina namba yake ya pekee, mbili zinafanana, kwa hizo tumia by-path, inayofuata tundu ulilochomekea. La pili ni chumvi. Ukumbi uko karibu na maji, madirisha wazi, na baada ya miezi michache pini zilikuwa zimeota kijani. Sasa kila baada ya miezi mitatu napanda na spiriti na mswaki mdogo, na zile skrubu mbili za kichwa nazikaza daima. Kichwa kisichokazwa hulegea kwa mtetemo wa spika za besi.

Runinga nne za ukutani, za LG, niliziongeza baadaye na zilichukua siku moja, kwa sababu nilishajua nini cha kutafuta. Amri ya kuwasha ni ka 01 01 kwa herufi ndogo na nafasi katikati, halafu 0D. Namba ya kwanza ni ya runinga yenyewe, kila moja ipe yake kwenye menyu. Inajibu OK ikikubali au NG ikikataa. Kwenye msikiti mmoja nilikutana na skrini za Samsung, ambazo hazitumii maneno bali baiti: AA 11 01 01 01 14. Ile 14 ya mwisho ni jumla ya zote zilizotangulia isipokuwa AA, kwa hesabu ya kumi na sita. Ukikosea jumla, haitii. Ustadh mmoja aliyekuwa akiniangalia alichukua karatasi akaihesabu mwenyewe, akafurahi ilipotoka sawa.

Hesabu ya fedha naiweka wazi kwa sababu ndiyo watu huficha. Ile kazi ya projekta mbili: kebo ya kwanza 4,200, adapta ya kughushi 850, mzee 500, Pi mbili 22,000, adapta nzuri 5,200, waya wenye ngao na wa mtandao 5,400, kisanduku na kijana wa kunishikia ngazi 3,000. Jumla shilingi 41,150, na mkononi nilikuwa nimepokea 20,000. Kati ya hizo, 16,050 zilikuwa makosa matupu: kebo, adapta na Pi iliyokufa. Na muda wangu sijauhesabu. Leo mtu akiniuliza bei, kwanza naomba jina kamili la kifaa, nakaa na kitabu chake jioni nzima, natafuta orodha ya amri na mchoro wa pini, ndipo naondoka nyumbani. Na majaribio nayafanya kwa kukosea makusudi: nazima na kuwasha haraka haraka, nachomoa waya katikati ya amri, nakata stima.

Harusi iliyofuata, mama aliniambia nije lakini hakusema zaidi. Nilikaa chini ya mwarobaini ule ule. Nilikuwa nimeiweka programu inipelekee kwenye simu mstari mmoja kila projekta inapojibu, kwa sababu macho yangu hayaingii mle ndani. Saa tatu kasorobo, kushoto 02, kulia 02. Nikahesabu moyoni. Gari la bibi harusi likakata kona likasimama mlangoni, shangazi zake wakashuka na kanga kumkinga. Simu ikatetemeka.

Kushoto PWR=01
Kulia PWR=01

Ndani vigelegele vikaanza mbele, vikaenda mpaka nyuma. Jumatatu mama alinitumia zile 15,000 zote, na ujumbe: "Ahsante mwanangu. Ijumaa ijayo kuna nyingine."